Kibuyu cha Baba Kwenye Chumba cha Bia

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa ninawe mikono mara tatu kabla sijagusa kitu chochote, nami nilichukia. Nilikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, nimeteremka kutoka kwetu Mkongani nikiwa nimeoga na kujipaka mafuta, na mbele yangu alisimama mzee wa Kizungu akinikagua vidole kama mwalimu wa chekechea.

"Bibi Mbeyu," alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi, "je, umekwisha kunawa?"

"Nimekwisha, Bwana."

"Basi nawa tena."

Huyo ndiye tuliyemwita Bwana Fundi. Kazi yake ilikuwa kupika bia katika chumba kidogo nyuma ya jiko la hoteli moja ya Diani, hoteli ya nyumba za makuti iliyokuwa na leseni ya kuuza bia yake yenyewe kwa wageni wake. Alikuwa akitafuta msaidizi, na mlinzi wa geti akamwambia kwamba yupo binti wa mgema anayezijua pombe tangu utotoni. Kweli baba yangu alikuwa mgema wa mnazi. Nilikua nikibeba vibuyu kichwani, na pua yangu ilijua tembo la asubuhi na tembo la jioni kabla sijajua kusoma. Nilipoingia katika chumba kile nilidhani sina la kujifunza.

Nyinyi vijana mnaoona siku hizi bia za mafundi zikiuzwa Ukunda kwa glasi ndefu, huwa mnaniuliza tulikuwa tukipikaje bila mitambo. Tulikuwa na sufuria moja kubwa ya kupikia pilau ya harusi, jiko la gesi, mapipa mawili ya plastiki, na mikebe ya shira ya kimea. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikakaushwa. Huko inakotoka huuvuta utamu wake kwa maji ya moto na kuyachemsha hadi yawe mazito kama asali nyeusi. Hiyo ndiyo tuliyoiita shira. Ukiichanganya na maji ya moto unapata togwa, tamu hadi linakera koo.

Ipo mikebe inayouzwa ikiwa imeshatiwa uchungu kiwandani. Bwana Fundi hakuitaka. "Ukiipika hiyo," alisema, "kila siku utapata bia ile ile, kama chai ya kantini. Sisi tutanunua shira isiyo na uchungu. Uchungu tutautia wenyewe, kwa mkono wetu na kwa wakati wetu."

Uchungu ulitoka kwenye hopsi. Ni maua makavu ya kijani, mepesi, mfano wa vitumba vya waridi vilivyonyauka, na ukiyasugua kiganjani yananuka ndimu, nyasi iliyokatwa na utomvu wa embe bichi. Yalikuja kutoka ng'ambo katika mifuko iliyofyonzwa hewa, nasi tuliyaweka friza. Mara ya kwanza niliyaweka karibu na kamba wa Mpishi Mkuu, na bia ya mwezi ule ilikuwa na harufu ya pwani kuliko ilivyostahili.

Bwana Fundi alijaribu pia kuotesha ya kwake. Alileta kipande cha mzizi, akakipanda kando ya uzio wa dobi, akakifungia kamba hadi kwenye makuti. Mmea ukapanda, ukapanda, ukafika juu ya paa, wala haukutoa ua hata moja. Alinieleza kwamba huko kwao mchana wa kiangazi hurefuka kisha hupungua, na mmea ukihisi hivyo ndipo hujua kwamba wakati wa maua umefika. Kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima.

"Mwali gani huyu," alisema Dada Mwanaisha akiutazama, "mrefu, mzuri, na kuolewa hataki!"

Dada Mwanaisha ndiye aliyekuwa mwoshaji wetu. Alikuwa mtu wa kijiji cha Kibuyuni, ananizidi miaka michache, mwembamba, na buibui lake alilitundika nyuma ya mlango kila asubuhi kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mtoto. Aliosha vyombo vya jikoni, na vya chumba cha bia vikiwemo. Siku nilipomuuliza kama hapati taabu moyoni alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye karai: "Naosha uchafu, mdogo wangu. Uchafu hauna dini." Tone la bia halikuwahi kugusa ulimi wake. Lakini aliosha kila chombo kwa sabuni, akakisuuza kwa maji safi, akakizungushia dawa ya kuua wadudu wasioonekana, halafu akakifudikiza juu ya kitambaa cheupe na kukisemesha, "Haya, pumzika."

Ni yeye pia, asiyewahi kuionja, aliyenisaidia kuelewa kazi ya hopsi. Togwa huchemka saa nzima. Hopsi za mwanzo hutiwa mapema, nazo huacha uchungu mtupu. Za kati hutiwa robo saa kabla ya kuepua, kwa ajili ya ladha. Za mwisho hutiwa moto ukizimwa, kwa ajili ya harufu. Mimi nilizichanganya kila mara. Dada Mwanaisha akacheka.

"Binti mgema, wewe hupiki pilau? Bizari si unaitia mapema ikaive? Na hiliki ukiitia mapema si inapotea yote na mvuke?"

Tangu siku hiyo sikukosea tena.

Mengine nilifundishwa na Bwana Fundi, moja moja, kwa subira. Kwamba moto huzimwa kabla ya kumimina shira, la sivyo huzama na kuungua chini. Kwamba togwa likianza kuchemka hupandisha povu ghafla, na aliyegeuka kumjibu mtu salamu ataosha jiko zima. Kwamba likiiva lipozwe upesi ndani ya beseni la barafu, kwa sababu likiwa vuguvugu kila mdudu hewani hulitamani. Hamira, ile chachu inayoligeuza togwa kuwa bia, haipendi joto letu, hivyo mapipa tuliyafunika magunia mabichi na kuyapepea kwa feni. Halafu kulikuwa na kipimio, kijiti cha kioo chenye tumbo zito kinachoelea juu ya togwa. Kadiri hamira inavyokula sukari ndivyo kijiti kinavyozama. Kikikaa pale pale siku tatu mfululizo, bia imekwisha kuumuka, na ikitimiza wiki mbili hivi tangu kupikwa hutiwa chupani.

Kila hatua iliandikwa katika daftari: siku, maji, shira, hopsi, hamira. "Ulimi husahau," alisema Bwana Fundi. "Daftari halisahau."

Nilipotimiza mwaka na ushei, goti lake lilimlazimu aende kwao kupasuliwa. Aliniachia ufunguo. Baada ya wiki sita hivi wangekuja wageni wa mashindano ya uvuvi, wale waliokuwa wakijaza hoteli yote kila mwaka, na bia yao ilikuwa juu yangu.

Pipa la kwanza nilipika kama nilivyofundishwa, neno kwa neno. Likatoka zuri, la rangi ya kaharabu. Meneja wa hoteli, aliyekuwa mtu wa bara, mwenye haraka na simu mbili, aliionja akapiga meza. "Mama Mbeyu, wewe ni moto! Huyu mzee akirudi atapata kazi imeisha!"

Dada Mwanaisha alinitupia jicho kutoka kwenye karai. "Mgema akisifiwa..." alianza.

"Tembo hulitia maji," nilimalizia. "Mimi sitii maji, dada."

Kweli sikutia maji. Nilifanya jingine.

Inafaa mjue baba yangu alivyofanya kazi. Maisha yake yote hakuosha kibuyu kwa sabuni. Asubuhi alipomimina tembo alibakisha kina cha kidole kimoja cha mashapo chini, kisha akakipandisha tena mnazini. Utomvu mtamu ukidondokea mashapo yale huanza kuumuka palepale, na jioni akishuka tayari ni tembo. Alikuwa akisema, "Chombo kinachokumbuka hakihitaji kufundishwa." Alipofariki, kaka zangu waligawana kotama zake za kugemea, mimi nikapewa kibuyu.

Basi nilipomaliza kutia chupani bia ya pipa lile la kwanza, nikaona chini yake mashapo mazito, meupe, yenye harufu ya mkate. Hiyo ilikuwa hamira iliyomaliza kazi na bado i hai. Nikamfikiria baba ambaye hakununua hamira hata siku moja. Asubuhi iliyofuata nilikuja na kibuyu ndani ya kikapu, nikayamimina mashapo humo, nikakiweka kwenye rafu nyuma ya mikebe ya shira. Baada ya siku tatu nilipika mapipa yote mawili ya wageni, na badala ya hamira ya pakiti nikamimina mashapo ya kile kibuyu, nusu kwa nusu.

Msiseme nilikosa hamira. Ilikuwepo friza. Nilitaka tu kuona mkono wa baba ukifanya kazi ndani ya bia ya Wazungu. Na kwenye daftari, kwa kuwa nilijua Bwana Fundi asingependa, niliandika: hamira, pakiti moja kila pipa.

Aliporudi na fimbo yake, mapipa yalikuwa tayari kufunguliwa, na wageni wangefika Jumamosi. Tulisimama wanne: yeye, Meneja, Dada Mwanaisha na mimi. Nikainua kifuniko. Harufu ilitupiga kabla hatujainama. Ilikuwa siki, siki kali ya achari, na juu ya bia kulitanda utando mweupe uliokunjamana kama ngozi ya maziwa. Pipa la pili lilikuwa vilevile.

Meneja alichukua daftari akasoma mstari kwa mstari kwa sauti. Shira sawa. Hopsi sawa. Hamira, pakiti moja kila pipa, sawa. Akalifunga.

"Sasa kama upishi uko sawa, shida ni vyombo. Nani anaosha?"

"Ni mimi," alisema Dada Mwanaisha. "Na niliviosha mara tatu."

"Mama, tusidanganyane. Wewe pombe huitaki hapa. Kila mtu anajua. Ukaona mzee hayupo, ukafanya yako."

Dada Mwanaisha alikausha mikono yake kwa kitambaa, kidole kwa kidole.

"Meneja, pombe siinywi. Lakini chombo kichafu nacho sikipendi. Kuosha nimefundishwa na dini yangu kabla ya hoteli hii kujengwa."

"Nenda nyumbani. Jumatatu nitakupigia."

Bwana Fundi alilifungua daftari, akausoma mwenyewe mstari wa hamira, akalifunga. Alikuwa ametuzoesha kuamini kwamba daftari halisemi uongo, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuliamini. Dada Mwanaisha alichukua buibui lake nyuma ya mlango. Alinitazama mara moja tu, hakunitazama kwa hasira, akatoka. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye rafu, na sikusema.

Tulimwaga mapipa yote mawili kwenye mtaro nyuma ya jiko. Nyuki walikuja, na kunguru. Chupa za pipa la kwanza zilikuwa zimeshauzwa, hivyo Jumamosi wageni walipewa bia ya dukani. Nilihudumu siku ile nikijiambia kwamba nina watoto wawili, kwamba yeye ana ndugu wengi Kibuyuni, kwamba Meneja atapoa. Mtu akiogopa hapungukiwi na sababu.

Jumapili asubuhi Bwana Fundi aliniambia tupike upya. Alimleta mfanyakazi mwingine wa jikoni kuosha pipa. Yule alilimwagia maji mara moja, akalisimamisha sakafuni mdomo juu. Nikalitazama lile pipa. Hakuna aliyelifudikiza juu ya kitambaa. Hakuna aliyeliambia lipumzike. Nikafungua daftari niandike siku, nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe: pakiti moja kila pipa. Kalamu ikakataa.

Nikakitoa kibuyu nyuma ya mikebe, nikachukua na daftari, nikamwomba Bwana Fundi twende ofisini.

Nilieleza yote nikiwa nimesimama. Meneja alinisikiliza, simu zake zikiwa zimelala mezani.

"Kwa hivyo ulimwona yule mama akitolewa, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Bwana Fundi alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikinusa kwa muda mrefu, akiwa amefumba macho, kama anavyonusa hopsi. Nilitegemea atakitupa.

"Hiki si chombo kichafu, Bibi Mbeyu," alisema hatimaye. "Hiki ni chombo cha pombe nyingine. Baba yako alikijua vizuri. Kimekumbuka alichokifundisha, yaani mnazi." Akakiweka mezani, akaweka mkono juu ya daftari. "Kilicho kichafu ni hiki."

Sijawahi kuchapwa kwa fimbo kazini. Neno lile lilitosha.

Meneja alitaka niondoke siku hiyo hiyo. Bwana Fundi akasema hapana. Akasema nitakwenda Kibuyuni mwenyewe kumrudisha Dada Mwanaisha, na kama atakubali kurudi, nitaosha vyombo mwaka mzima, yeye akinikagua. Kama hatakubali, nisirudi na mimi.

Nilifika Kibuyuni maji ya bahari yametoka. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha banda wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba, tayari kwenda kuvipanda baharini, na Dada Mwanaisha alikuwa miongoni mwao pamoja na dada yake. Nilisalimu. Niliitikiwa vizuri, kwa utaratibu, kama hakuna lililotokea. Nikapiga magoti mchangani na kuanza kueleza.

"Ngoja," alisema, "nimalize kamba hii."

Nikangoja. Kamba ilikuwa ndefu. Alipofunga kipande cha mwisho aliniuliza.

"Umesema mwenyewe, au wamekubaini?"

"Nimesema mwenyewe."

"Ulisema yote? Na la daftari?"

"Na la daftari."

Akajipangusa mikono kwenye leso. "Basi mwambie mzee nitakuja kesho. Na Meneja aniombe radhi mbele ya watu wa jikoni, kwa sauti ile ile aliyonitolea." Kisha, nilipokuwa nainuka, akaongeza, "Na kucha hizo ukate. Kwangu hutaosha vyombo na kucha hizo."

Meneja aliomba radhi. Lazima niseme aliomba vizuri, simu akiwa ameziacha ofisini.

Mwaka ule wa karai ndio ulionifanya fundi. Dada Mwanaisha alipitisha kidole ndani ya mdomo wa kila chupa na kunirudishia zile zilizomkwaruza. "Hii imeoga, haijatawadha," alikuwa akisema, na watu wa jikoni walikufa kwa kicheko. Nilijifunza kwamba nusu ya bia ni maji ya kuoshea. Kibuyu, kwa amri ya Bwana Fundi, kilitundikwa msumarini nje ya mlango, kisivuke kizingiti wala kisitupwe. Baadaye alinifundisha kuhifadhi mashapo kwa njia ya kazi ile, katika mtungi wa kioo uliochemshwa, ndani ya friji, kwa siku chache tu. Kumbe wazo la baba halikuwa baya. Lilikuwa limeingia nyumba isiyo yake bila kubisha hodi.

Bwana Fundi alipostaafu alinikabidhi ufunguo kwa mara ya pili. Nikapika Diani miaka mingi, kisha nikaitwa Msambweni kuanzisha chumba kama kile katika nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane, na huko ndiko nilikomalizia kazi. Nilikwenda na kibuyu, nikakitundika nje ya mlango. Kila niliyemfundisha aliniuliza ni cha nini, nami nilimweleza kabla sijamwonyesha shira. Katika madaftari yote niliyojaza baada ya lile la kwanza, mwanafunzi mmoja alikuta nimeandika: leo nimesahau hopsi za kati, nimeona haya, bia itakuwa ya namna yake. Akacheka. Bia ile, kwa taarifa yenu, wageni waliipenda.

Mwaka huu magoti yangu nayo yamedai haki yao, kama la Bwana Fundi, nikaaga kazi. Dada Mwanaisha alikuja kunitembelea kutoka Kibuyuni. Yeye aliacha kazi ya hoteli zamani, akajiunga na dada yake kwenye mwani. Nilimpikia chai ya tangawizi, tukaketi barazani, na kibuyu kiko ukutani nyuma yetu. Alikigonga kwa ukucha, kikalia kikavu.

"Hiki," alisema, "nilikiona."

"Kila mtu alikiona, dada. Kilining'inia mlangoni miaka yote."

"Sisemi mlangoni. Rafuni. Nyuma ya mikebe ya shira. Nilikiona siku ile ulipokileta, nilipokuwa napangusa vumbi. Nikanusa, nikajua. Siku Meneja ananitoa, nilikuwa najua ni wewe."

Niliona tena jinsi alivyonitazama akichukua buibui lake, na nikaelewa lile swali aliloniuliza alipomaliza kamba ya mwani.

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu lingekuokoa."

"Lingeniokoa mimi," alisema. "Wewe je? Meneja angekufukuza palepale, nawe ungebaki na uongo wako na chuki yako juu yangu. Nikaona nikungoje. Nilijipa hadi Jumatatu."

"Na nisingesema?"

Alipuliza chai yake, akanywa, akakiweka kikombe chini taratibu. Macho yake yalikuwa yakicheka kama zamani alipokuwa akiutazama ule mmea usiotaka kutoa maua.

"Ningewahi kuanza mwani," alisema. "Saa hizi ningekuwa na kamba nyingi kuliko dada yangu."